Dada wa Dirishani

4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na goti la mama limetulia. Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika kwa kubeba makabati. Ghala la samani halina mchezo.

Nina habari, kaa kwanza. Lile jarida la vichekesho limekubali katuni yangu! Miaka minne natuma, miaka minne wananirudishia na kikaratasi kilekile: "Endelea kujifunza." Basi nimejifunza. Saa ya chakula wenzangu wanapiga soga, mimi nachora mikono nyuma ya maboksi, mikono ishirini kila siku, mpaka msimamizi akaniuliza kama nimerogwa. Unakumbuka mikono yangu ya zamani, uliyosema ni vichane vya ndizi? Sasa ina viungo, ina kucha, inashika kalamu.

Ni visa vifupi vya mwanamke mmoja wa dirishani. Mtu wa kubuni tu. Nakala sina za kutosha, nikipata nitakutumia. Usihangaike kulitafuta.

Mdogo wako.

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, goti linamuuma akitumwa, akiitwa kwenye soga linapona. Mimi mzima wa mwili.

Nakala yako sikuwa na haja nayo. Jarida lilifika zahanati kabla ya barua, likawekwa mezani pa wanaosubiri. Jumanne asubuhi nilisimama dirishani na kadi mkononi kumwita mgonjwa wa sita kwa namba na jina, neno likanikwama kama kawaida. Kijana mmoja akanimalizia toka benchi la nyuma: "Na-na-na-namba sita!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata tarishi wetu, ambaye kila siku namfichia chai. Sikuelewa. Halafu nikaiona ile picha, imefunguliwa mapajani mwa mama mmoja.

Bi Ki-ki. Ndivyo ulivyoniita.

Uso ningeweza kuukana, umenipa pua ya mtu mwingine. Lakini mikono ni yangu. Kovu la pasi liko palepale, juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Wagonjwa waliangalia karatasi, wakaangalia mkono wangu, wakaangalia tena karatasi. Umejifunza kuchora mikono, hongera.

Miaka mitatu niliomba lile dirisha. Kila siku kabla hatujafungua nilijifungia chumba cha mafaili nikifanya mazoezi ya kuita majina, naziitia kuta. Wewe ndiye mtu pekee niliyemweleza hilo. Sasa nimemwomba muuguzi mkuu anirudishe kwenye mafaili. Amekubali haraka mno.

Mama hajui. Usimwandikie.

Dada yako.

11 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui nikuulize habari gani, na habari zako nimeziharibu mimi.

Nilijua ni wewe. Ile ya "mtu wa kubuni" ilikuwa uongo, na nilijua ni uongo hata kabla wino haujakauka. Ilianzia ghalani. Nilichora kiboksi kimoja cha katuni, wewe umesimama dirishani, wenzangu wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Dada, miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuchekea katuni yangu. Nikanogewa. Nikajiambia, yuko mbali, hataiona.

Kuna kurasa nne zaidi ambazo nilishampelekea mhariri. Kesho nakwenda kuzidai. Ningekupigia kukuomba radhi kwa sauti, ila najua simu inavyokutesa. Niandikie, hata kama ni matusi.

Mdogo wako asiye na haya.

30 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Wiki saba sijapata jibu. Naomba iwe ni hasira, isiwe ugonjwa.

Mhariri amekataa. Anasema Bi Ki-ki ni mali ya jarida na kwamba nilitia sahihi. Kweli nilitia, sikusoma hata mstari kwa furaha. Nilipogoma kuendelea wakampa mchoraji mwingine, na anachora kuliko mimi. Nimewasha kitu nisichoweza kukizima, na kinachoungua ni chako.

Ndani ya bahasha kuna ukurasa. Nimekuchora upya, unaita majina yote na hukwami hata mara moja. Ni wako, ufanye utakavyo.

Mdogo wako.

19 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Siumwi. Nilikuwa na hasira, na bado ninazo, ila zimepungua kiasi cha kushika kalamu.

Ukurasa nimeuona. Umenipa ulimi wa mtangazaji wa redio. Huyo nani? Kwanza ulinichora ninavyowachekesha wenzako, sasa umenichora unavyotaka niwe. Mara zote mbili hukunitazama.

Hebu nikufundishe, maana naona kazi hii imeniangukia mimi. Neno langu halijirudiirudii kama ulivyoandika kwenye viputo vyako vya maneno. Linagoma. Liko hapa kooni, nalijua lote, na halitoki. Hakuna sauti yoyote. Katika kimya hicho mimi nawaangalia watu. Mmoja anaangalia viatu vyake. Mwingine anatabasamu kwa huruma, huyo ndiye simpendi kabisa. Mwingine anachezesha midomo akinisaidia. Wewe ulikuwa wa kuchezesha midomo. Ulikuwa ukinimalizia maneno tangu hujaanza shule, na mara nyingi ulikosea.

Chora hicho, halafu unitumie.

Dada yako.

8 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nyinyi je?

Mchoro huu ni wa kumi na moja, kumi nimeichana. Kumchora mtu anayesema ni rahisi, unamwekea kiputo, kazi imekwisha. Wanaosubiri ndio wamenitoa jasho. Nimekaa kwa kinyozi bila kunyolewa, nimekaa benki bila shida yoyote, natazama watu wanavyosubiri. Mlinzi wa benki amenifukuza mara mbili, anadhani napanga wizi. Nikamwonyesha daftari, akaona kuta zote za benki yake humo, ndio kabisa akamwita mwenzake.

Nikifika kwenye uso wako mkono unaganda. Nakumbuka siku ile ghalani walipocheka, nami nikainama kama mtu anayepigiwa makofi. Niliinama, dada. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Mdogo wako.

20 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu, anauliza mbona huji. Nimemwambia kazi.

Wa kumi na moja haufai. Watu wote wananionea huruma. Umewajaza huruma yako wewe. Mgonjwa anaumwa, jamani, ana yake. Yuko mwenye mtoto anayelia, huyo hana hata habari na mimi. Na saa ya ukutani umeitundika juu ya mlango kama ya kituo cha treni. Rudia.

Dada yako.

25 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote.

Huu ni wa thelathini na nne. Niliutazama wiki nzima kabla ya kuutia kwenye bahasha. Nadhani sijawahi kuchora kitu kizuri kama hiki, na naona haya kuandika hivyo, kwa sababu umetokana na ubaya niliokufanyia. Mhariri wa jarida jingine ameuona, anautaka. Sijamjibu. Safari hii nakuuliza wewe kwanza.

Mdogo wako.

6 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, mama anakohoa kidogo tu.

Nimeutazama. Viboksi sita, kiputo hakuna hata kimoja. Mwanamke amesimama na kadi. Mtoto analia, mzee anajikuna, wa viatu yuko na viatu vyake. Kwenye cha sita mtu mmoja wa pembeni ananyanyuka, nikajua jina lake limetoka. Nililia, nikautazama tena, nikalia tena, mpaka mama akaniuliza nani kafa.

Usimpe mhariri yeyote. Ule wa kwanza uliuchukua kwangu bila kuniuliza. Huu umeniuliza, na jibu ni hapana.

Mchoraji mwenzako anaendelea na Bi Ki-ki wake. Wiki iliyopita kamvalisha wigi. Hatuwezi kumzuia, nami nimechoka kumsubiri aache. Nimemwambia muuguzi mkuu kwamba Jumatatu ya kwanza ya Januari narudi dirishani. Akaniuliza kama nina uhakika. Ilinichukua muda kumjibu, akasubiri.

Sijakusamehe yote, sitaki kukudanganya. Miezi minane umeniomba radhi kwa posta na nyumbani hujakanyaga. Imekuwia rahisi kukaa huko na aibu yako kuliko kuja kunitazama.

Njoo siku hiyo. Usipitie nyumbani. Njoo zahanati, toa kadi kama mtu yeyote, kaa kwenye benchi. Kalamu na daftari uviache. Nitakuita mimi mwenyewe, kwa jina lako kamili, lile refu. Unajua herufi yake ya kwanza inavyonishinda tangu tukiwa watoto. Litanikwama, na watu watageuka kutafuta ni nani anayeitwa. Usichezeshe midomo. Usinyanyuke mpaka nimemaliza.

Dada yako.