Kilomita Sitini za Baba

Byske, Jumapili ya pili ya Majilio

Kaka Torkel,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini mafua uliyokuwa nayo tulipoongea kwenye simu yamekuachia, na kwamba mitihani ya chuo haijakukondesha. Sisi ni wazima wa mwili. Theluji imefika kwenye dirisha la chumba chako, na asubuhi hii kipimajoto kilionyesha nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Mama ameshatundika nyota ya karatasi jikoni.

Unaikumbuka kazi yangu ya fizikia: kupunguza petroli inayotumiwa na gari letu la umeme na mafuta, Baba anapokwenda kazini Skellefteå. Nimeifanya kwa moyo wote. Kila asubuhi, gari likiwa bado limechomekwa ukutani, nilihakikisha linapashwa joto kwa umeme wa nyumba, ili betri ianze safari ikiwa imejaa. Niliongeza upepo wa matairi. Nilimwomba Baba azime kipasha hewa, awashe joto la kiti tu, na avae kofia ya sufu. Alicheka akasema, "Profesa, siku moja utanikuta nimeganda kama samaki wa Mama kwenye friza!" Lakini alitii.

Hata hivyo hesabu zilinikataa. Mwaka jana, bila juhudi yoyote, gari lilitumia nusu lita kwa kila kilomita kumi. Safari hii risiti zilionyesha lita kumi na tisa kwa wiki, na nilipozigawa kwa kilomita mia tatu, matumizi yalikuwa yamepanda. Darasani Rurik alisema labda baba yangu anayanywa mwenyewe hayo mafuta. Wote walicheka. Nilicheka nao, kisha nikajifungia chooni. Niliamini kwamba mjinga ni mimi.

Jana Baba alinitoa kujifunza kuendesha. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimepiga picha ya dashibodi, kwa kujivunia kukaa nyuma ya usukani. Nililinganisha mita na ile picha. Katika siku tano za kazi gari lilikuwa limekwenda kilomita mia tano na ishirini. Nilimuuliza Baba. Alifuta ukungu kwenye kioo kwa mkono wa koti. Kisha akaniambia kwamba tangu Septemba hafanyi kazi Skellefteå, bali Piteå, upande mwingine kabisa. Kwamba amepanga nyumba huko, na sikukuu zikiisha atahamia bila sisi. Mama hajui. Akanibembeleza: "Andika sitini kwa siku kama kawaida, mwanangu. Wiki tatu tu. Usimharibie mama yako Krismasi."

Nilimuuliza nani mwingine anajua. Akasema wewe ulimsaidia kupandisha kitanda kwenye nyumba hiyo, likizo ya Oktoba.

Likizo ya Oktoba, Kaka. Ni wiki ileile uliyokaa nami mezani ukanichorea jedwali la kilomita kwa rula. Nilisema nitasoma mita kila jioni, ukanijibu, "Ya nini kujisumbua, Vendela? Barabara si ileile?" Ukajaza mwenyewe, kwa mwandiko wako mzuri: sitini, sitini, sitini, hadi chini ya ukurasa. Nilikushukuru. Nilikupa hata mkate wangu wa mdalasini.

Sasa nikuambie nilichofanya. Leo nimezikata sitini zako tano za mwisho, nikaandika mia tano na ishirini. Nimegawa upya, na jibu ni chini ya lita sifuri nukta nne kwa kila kilomita kumi. Njia yangu ilikuwa inafanya kazi muda wote. Daftari nimeliacha wazi mezani, pale Mama anapoweka kikombe chake cha kahawa, kwa kuwa kila Jumapili hulisoma kabla sijalirudisha shuleni. Baba sikumwahidi kitu. Namsikia Mama anashuka ngazi.

Wasalimie wenzako wa bwenini, na ujifunike vizuri. Ukija Krismasi, njoo na maneno yako mwenyewe ya kumwambia Mama. Yangu nimeshayaandika.

Ni mimi mdogo wako,
Vendela