Chuma Chini ya Mwamikazi

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 3, mwezi wa kumi na moja

Nimelala chini ya gari tena. Asubuyi, mbele ya kunywa kawa. Mugongo mu potopoto, mu matope, macho ku tumbo yake. Karteri, ile sahani ya chini yenye inashika mafuta ya moteri, imekwaruzwa mupya. Jiwe ya jana. Mwamikazi, malkia, njo jina nilipatia gari yangu, na iko chini sana. Nyoka ikitaka kupita chini yake inaomba ruhusa. Ni gari ya lami, na lami iko mbali na kwangu. Kutoka nyumba mpaka barabara kubwa ni mupando, njia ya kupanda yenye majiwe tu, na kila mvula inaleta ingine.

Mimi nilishapitishaka gari ya chini mpaka Shabunda, fasi mbuzi inavua viatu. Karteri haikugusa hata nyasi. Lakini hii mupando ya kwetu inanishinda. Naogopa.

Siku ya tatu, tarehe 5

Nyawera, ku parkingi yetu ya taxi, kwa Bisimwa, ule anasudeaka, anaunganisha vyuma na moto. Amekata bati ya pipa, ameikunja, ameifunga chini ya moteri na bulo, zile bolti kubwa. Alitaka kutoboa tundu katikati. Ni vile anafanyiaka wote: mafuta ikianza kutoka, shofeli anaiona chini. Nilikatala. Tundu njo mulango ya majiwe.

"Papa, wote wanatoboaka."

"Wote hawana kichwa kama yangu. Tundu, toboa mu suruali yako."

Batu ya parkingi, ba shofeli wenzangu, walicheka mpaka wakashika tumbo. Nimerudia nyumbani kama jenerali. Majiwe inagonga ile chuma, ngo! ngo! Mimi naimba.

Siku ya ine, tarehe 6

Nimepeleka Cibalonza, bibi yangu wa ndoa, kwa munganga wa hospitali. Ni kila siku ya ine. Moyo yake imechoka, maji inajaa mu miguu, inavimba kama mikate. Kutembea, hapana. Pikipiki ilimuangusha mwaka jana, akakula kiapo. Basi miguu yake ni Mwamikazi. Mwamikazi akikufa, bibi yangu habebwe na mutu. Ile njo najua, na siisemi kwa parkingi.

Mu mupando amesema ile kelele ya chini inamuumiza kichwa. Nimemuambia ni majiwe inalia, inaogopa bwana yake. Ameangalia inje.

Siku ya posho, ya sita, tarehe 8

Sisi ba taxi, magaribi tunatandika karto, karatasi ngumu ya sanduku, chini ya gari. Asubuyi karto ikiwa na doa, gari iko mugonjwa. Karto yangu: kavu. Nimeibeba mpaka Nyawera, nimeionyesha wote. "Muangalie, batoto, mutu anaweza kuilalia na shemizi, shati yake ya misa."

Taa ya kuonya mafuta ya moteri, ku tablo mbele ya usukani, ilikufa zamani. Sina kazi nayo. Niko na karto.

Siku ya pili, tarehe 11

Mvula ya kinyama tangu jana. Njia ya Kavumu imejaa mashimo. Fasi mbaya nilishusha ba kiliya, batu wenye walilipa safari, wakatembea mu potopoto, gari ikapita peke yake. Maman moja ya makabichi alinitukana: "Muzee, unatulipisha juu ya kutembea!" Nilimuambia nitamupunguzia siku yenye makabichi yake itajifunza kutembea.

Kwa kurudia, mu mupando ya kwetu, jiwe moja. Pigo moja. Meno yangu ililia. Chuma imebonyea kabisa, inagusa karteri. Potopoto imekauka ku bulo, kufungua ni kazi ya muchana muzima. Nimeacha.

Karto: kavu.

Siku ya tatu, tarehe 12

Karto kavu. Kuko ka harufu ka kuungua. Nimesema ni jirani anakaanga ndagala.

Siku ya ine, tarehe 13

Moteri imekamata, haizunguke tena. Katikati ya mupando, Cibalonza ndani.

Ililia kama mutu anasaga meno, ikanyamaza. Nikazungusha kifungulo. Hakuna. Nikaweka jiwe nyuma ya pine, gurudumu isirudie chini. Vijana ba avenue, ba mutaa yetu, walikuja, wakafunga kiti yetu ya salon ku miti mbili ya mukaratusi, wakamupandisha yeye juu, kama kipoyi, machela ya wakubwa ya zamani. Mvula ilikuwa inaanza. Alifunika uso na kitenge. Kijana moja akasema: "Maman, leo Mwamikazi ni weye." Alitaka kumuchekesha. Mimi nilikuwa nyuma, nabeba viatu vyake. Niliviingiza chini ya shemizi, mvula isiviguse.

Tulifika nyuma ya saa, tumechelewa. Munganga alimuangalia, akaniangalia mie. Wamemulaza.

Siku ya tano, tarehe 14

Nimefungua chuma. Mafuta yote ilikuwa mule, imechanganyika na potopoto, nyeusi, nzito kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya jana. Karteri imepasuka fasi yenye chuma iliisukuma. Tone yote ilikuwa inaanguka mu bati. Hakuna hata moja iliguswa na karto.

Bisimwa alitaka kutoboa tundu. Mudomo yangu njo iliifunga.

Moteri imeisha. Feza ya kununua ingine, hata katika bongo sina.

Siku ya posho, tarehe 15

Batu ya parkingi wamekuja kunipa pole. Walingoja nifanye mucheko. Nilisema asante. Wakaenda mbio, kama mutu amekimbia nyumba ya kilio.

Siku ya pili, tarehe 18

Wamemutosha ku hospitali. Hawezi kushuka kwetu. Akishuka, nani atamupandisha siku ya ine? Ameenda kwa Nsimire, mutoto wetu muke, kule Muhumba. Bwana yake ni sentinelle, mulinzi mu parcelle, kiwanja ya tajiri, wanalala mu chumba kimoja ya nyuma. Fasi ya Cibalonza wameitafuta kwa nguvu. Fasi yangu haiko. Hakuna mwenye alisema. Miye mwenyewe niliona.

Aliniuliza nitakuja kumutwaa lini. Nilimuambia mbele mwezi huu iishe. Alijua nadanganya. Akanitengenezea kola ya shemizi.

Bugali nimeipika mwenyewe. Imekuwa mawe.

Siku ya Mungu, tarehe 23

Nyuma ya misa nilipanda mpaka Muhumba na miguu. Nilimukuta Cibalonza inje, miguu juu ya katabure, kiti kadogo. Uvimbe imepunguka kidogo. Nsimire alinipa kawa.

Nilimuanzishia ile hadisi yangu ya mamba ya muto Elila, yenye nilifunga kinywa na kamba ya pine. Amecheka fasi ya kwanza. Katikati, alisinzia. Nsimire akanifanyia alama na mukono: papa, acha.

Sikuacha. Nilipunguza tu sauti, nikaendelea polepole, mpaka mamba ikakufa na batu ba kijiji wakanibeba mu mabega. Nikavuta kitenge mpaka ku vidole vyake.

Kisha nikashuka, mbele ya mvula kunikuta njiani.