Mtoto Noella na Tovuti Iliyohamishwa Nusu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Uvira, tarehe 14 Machi 2024, saa tisa na nusu alasiri.
Jina: Sidonie Nabintu. Umri: miaka 31. Kazi: msimamizi wa tovuti ya shirika linalowatafutia wazazi watoto waliopotezana nao wakati wa kukimbia vita. Makao: Kasenga.

Mnamo tarehe 12 Machi, saa nne asubuhi, nikiwa ofisini kwetu Nyamianda, nilihamisha tovuti kutoka seva ya zamani kwenda seva mpya. Nilibadilisha mipangilio ya jina la tovuti ili lielekee kule kupya. Nikajaribu, ikafunguka. Jina letu huandikwa kwa namna mbili, lenye www mbele na lisilo nayo. Nilijaribu lisilo nayo peke yake.

Tarehe 13, saa kumi jioni, Mama Nkeshimana alinipigia simu kutoka Burundi. Alisema mtoto Noella, wa miaka mitano, aliyemwona kwenye picha zetu, ni wake, na kwamba angefika kesho yake. Aliomba tusimpe mtu mwingine, maana kuna mwanamume anayejiita mjomba wa mtoto. Palepale niliandika chini ya picha, kwa rangi nyekundu: "Asitolewe. Mama amepatikana."

Noella alikuwa analelewa na Mama Célestine wa Kimanga. Nilimpigia mara mbili, simu ilikuwa imezimwa. Sikwenda kwake. Kwa pikipiki ni dakika kumi. Nilijiambia kwamba walezi wetu wote huangalia tovuti kabla ya kumkabidhi mtoto, na Mama Célestine hajawahi kuacha.

Leo saa mbili na robo asubuhi alinipigia mwenyewe, akasema mjomba amekwisha kumchukua Noella. Nilimuuliza kama hakusoma. Akajibu: "Minye nilisoma. Iliandikwa familia iko inatafutwa. Weye ndiye ulituambia tusome."

Nilimwomba anisomee anwani aliyoifungua. Ilikuwa na www. Nikaifungua na mimi, nikaona ukurasa wa zamani. Anwani ile sikuigusa siku ya kuhamisha, bado ilielekea seva ya zamani, ambako maneno yangu mekundu hayakuwapo. Nilikosea nywila mara tatu. Saa tatu kasoro robo nilikuwa nimesahihisha, nikapanda pikipiki kuja hapa.

Saa sita mchana mama wa mtoto alinikuta kituoni. Alifungua tovuti kwenye simu yake. Ilifunguka vizuri. Alisoma yale maneno mekundu kwa sauti, kisha akaniuliza: "Basi mutoto wangu iko wapi?"



Ninayoyajua ni hayo. Nimeyasema kwa hiari yangu, na kosa la mipangilio ni langu.

Shahidi: (alama ya kidole gumba)

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali. Alipokuwa ameshika kalamu ili asaini, wenzetu wa Kavimvira walipiga simu: mtoto amepatikana mzima, mwanamume amekamatwa. Shahidi anajua kuandika, ila baada ya habari hiyo alishindwa kusaini. Nimechukua alama ya kidole.
OPJ (ofisa wa upelelezi) Toussaint