Mistari Iliyonyooka

Shoga, usinipigie, nitalia.

Leo kazini hospitalini tulihitaji mtu mwenye afya wa kujaribia mashine ya picha za sumaku, nikalala mimi. Si nilikwambia inachora mistari juu ya picha ya moyo, kama daftari la hesabu? Moyo ukipiga, mistari inapinda.

Yangu, upande mmoja, haikupinda. Haikupinda hata kidogo!

Daktari hakujua picha ni ya nani. Kaitazama, kasema, "Hapa msuli ulishakufa zamani. Mgonjwa yuko wodi gani?"

Wodi gani! Mimi nimesimama pembeni yake, nimemshikia chai!

Unakumbuka msiba wa mama, nilivyoshika kifua pale jikoni? Ukaniambia ni uchungu wa kufiwa, utapita.

Haukupita. Nimeuona leo kwenye skrini.