Ngozi ya Mama Haina Kosa

Jumamosi, Ipuli. Jua la leo halina adabu, na mvua tunazisikia kwa majina tu. Nimeamka na hasira. Mungu anisamehe, lakini sioni haja ya kuificha.

Jana nilipeleka picha za mama, zikiwa kwenye kadi ya kamera, studio moja ya Gongoni zikachapwe. Nilimvizia akipepeta mchele uani, kwa kamera yangu ya kwanza, ile kubwa ya lenzi aliyoniletea shemeji kutoka Dar. Mwenye studio akazitazama, akacheka.

"Dada, bi mkubwa kameza mwanga wote! Ngoja nimng'arishe kwenye kompyuta, atoke mweupe pee."

"Mama yangu hajawahi kuwa mweupe. Nipe kadi yangu."

Nikaondoka.

Kicheko kile ni cha zamani. Wakati wa Ujamaa, tulipohamishiwa kijiji kipya upande wa Ipole, nikiwa bado mgongoni, alikuja mpiga picha akampanga mama na wenzake mbele ya ghala la tumbaku lililopakwa chokaa. Picha ilipokuja, ghala linawaka, mama ni doa jeusi lililovaa kanga. "Huyu kapigwa usiku!" watu wakacheka. Tangu hapo akiona kamera hujifunika uso. Hana picha nyingine iliyochapwa, na sasa ni mzee. Sitaki siku ya kumzika tuweke doa juu ya jeneza.

Basi leo, baada ya sala, nilikataa kuamini kwamba kosa ni la ngozi. Nikachukua sufuria la maharage, jeusi kwa masizi, nikaliegemeza kwenye ukuta mweupe wa uani. Nikapiga. Doa.

Nikabonyeza kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, cha kuongeza na kupunguza mwanga. Hakikutii. Kumbe niliiacha kamera kwenye alama ya kijani, inajiamulia kila kitu yenyewe. Nikaihamishia kwenye herufi P, ambapo nami naruhusiwa kuamua, nikajumlisha kidogo, nikajumlisha tena. Ukuta ukaungua wote kwa mwanga, lakini sufuria likajitokeza, na mabonde yake, na mikwaruzo yake.

Kamera ikiona ukuta unawaka hupunguza mwanga, na mweusi ndiye anayeumia.

Si kosa la mama. Halijawahi kuwa kosa lake.

"Mwanangu," mama akaita kutoka mkekani, "hilo sufuria linaolewa lini?"

Nikamwonyesha picha ya kwanza na ya mwisho. Akazitazama, kisha akasema, "Kama sufuria limepata sura, na mimi nipige. Lakini siyo ukutani."

Nikamketisha mlangoni pa jiko, kivulini, giza nyuma yake. Kwa haraka nikasahau kurudisha kile nilichojumlisha, nikapiga, nikamwonyesha.

"Huyu mzungu ni wa wapi?" akauliza.

Tukacheka mpaka machozi. Nikapunguza, nikapiga tena. Rangi yake ikakaa, weusi wake wenyewe, na mng'ao kwenye paji la uso, na kila mkunjo pale Mungu alipouweka.

Mama akaishika kamera kwa mikono miwili.

"Huyu namjua," akasema.

Kesho baada ya ibada kiti kitakuwa pale mlangoni. Mama ameshawatumia salamu wazee wenzake wote wanaojificha wakiona kamera: waje, na asiwepo wa kujipaka poda.