Maua Yaliyoziba Barabara

9 Aprili 2005

Binti yangu,

Hujambo? Mimi mzima, mgongo tu ndio unaonisumbua. Mwanao aliharisha juzi, kapona, hukuwepo.

Ulipomwacha kwangu ulisema miezi mitatu. Niliishia darasa la pili lakini mpaka tatu nilifika kuhesabu, na huu ni mwezi wa kumi na tano. Mtoto akitoka chekechea anageuza ndoo, anakaa mbele ya baraza, macho barabarani. Akipita mwanamke mwenye mkoba, anasimama. Chakula hataki mpaka giza liingie. Nimemchapa, nimembembeleza, wapi.

Basi jana nilichimba mashimo sita mbele ya baraza, nikapanda bogenvilia niliyoomba kwa mke wa fundi saa. Mtoto alinishikia vijiti. Ikikua, barabara hataiona tena. Usiniulize kama nimekosea. Njoo uikate mwenyewe.

Mama yako

21 Agosti 2010

Shikamoo mama,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo, nashona sare kwenye karakana, sasa nina vyumba viwili.

Nilikuja Jumamosi iliyopita. Nilipita mara mbili nisiijue nyumba. Niliacha kiwanja kitupu na kuku wawili. Nikakuta waridi, asumini, maua mekundu yamepanda mpaka juu ya bati. Fundi baiskeli ndiye aliyenionyesha. Nikiwa nimeshika geti nikamsikia mwanangu ndani anacheka: “Mama, njoo uone limechanua!”

Ukaitika wewe.

Ulimfundisha? Nimekuandikia barua nne, hukujibu hata moja. Mwezi wa kumi na mbili namchukua. Mwambie.

Mwanao

2 Septemba 2010

Wewe,

Marahaba. Afya yangu haikuhusu.

Sikumfundisha mtu. Kaita, nikaitika. Ulitaka ninyamaze? Mkono ulikuwa nao getini, mdomo uliuacha wapi? Hata muuza mkaa anabisha hodi.

Barua zako nilizisoma, herufi moja moja, kila moja siku nzima. Zote zinasema utakuja. Nijibu nini hapo?

Na bustani yetu usiitaje. Bomba lilipokauka tuliimwagilia maji ya kuoshea vyombo, mimi na yeye, kikombe kwa kikombe. Waridi zote ni zake, kupogoa ananishinda, na maharusi wanakuja kupigia picha kwetu. Hajui kwamba ulifika, na hatajua. Ukija huo mwezi wako utanikuta getini na panga. Unanijua.

Mama yako, kwa bahati mbaya

14 Juni 2016

Binti yangu,

U hali gani? Mimi macho yamepungua, miguu bado ipo.

Ule mwezi wa kumi na mbili hukuja. Nilikaa getini mwezi mzima na panga, mtoto nikamwambia nasafisha majani. Nilikukasirikia ulipokuja, nikakukasirikia ulipokosa kuja, mtu mmoja mimi.

Juzi alikuwa anapogoa ile bogenvilia, akauliza mpumbavu gani alipanda ukuta wa miiba mbele ya baraza, hata upepo haupiti. Nikasema ni mimi. Akauliza kwa nini. Ana miaka kumi na sita sasa, na mimi nimechoka kumdanganya. Nikamweleza alivyokuwa akikungoja, mpaka ile Jumamosi yako, na barua zako nikamtolea.

Hakulia. Aliweka mkasi chini, akasema, “Kwa hiyo alifika mpaka getini, bibi.”

Miaka yote ameniita mama. Tangu hapo ni bibi, na hilo lenyewe analitoa kwa shida.

Anapanda basi keshokutwa alfajiri, anakuja kwako. Barua hii nampa dereva wa leo ili ikutangulie. Safarini anatapika, usimpe maziwa akifika. Nywele zake usizishike, hajakuzoea. Wala usimwombe msamaha kwa niaba yangu, uombe wako, unakutosha.

Nilimfungia vipandikizi vya kila ua kwenye gazeti bichi, nikaviweka juu ya begi lake. Kaviondoa, kaviacha mezani. Nimevirudisha ardhini. Vyenyewe havijamkosea mtu.

Wahi stendi kabla basi halijaingia. Mtoto huyu ameshasubiri vya kutosha.

Bibi yake