Mapazia, Mama

Shoga, nifiche! Ndiyo natoka kwa yule mama mwenye hoteli, mteja wetu mpya.

Si unajua nilivyojiandaa? Nikamwaga maneno mazito yote: "Suluhisho jumuishi la udhibiti wa mwanga asilia." JUMUISHI, shoga!

Mama wa watu kakunja uso, kafinya macho, nami nikajua yanamwingia. Nikaongeza mengine.

Nilipomaliza akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani mnauza nini?"

Mnauza nini!! Bosi wangu, niliyekwenda naye, akatazama dari.

Nikajibu kwa sauti ya chini, "Mapazia, mama."

"Mapazia?" Akalinyooshea kidole dirisha lililo mbele yake, tupu kabisa. "Si ungesema? Jua linanichoma macho tangu ulipoanza kuongea!"